London hadi Mbeya ni saa ngapi? Ngoja niwaambie ukweli

Wapendwa, hamjambo? Salamu Mbeya, Tukuyu, Kyela, na Iringa na Njombe nawasalimu: kamwene!

Leo najibu swali ambalo mmeniuliza mpaka basi: kutoka London hadi Mbeya ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua saa ngapi?

Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500. Sasa sikilizeni jambo linalonichekesha: London hadi Dar nayo ni kama kilomita 7,500! Ukipima kwenye ramani, sisi wa Mbeya hatuko mbali zaidi. Tena tumewapita wa Dar kidogo, tuko karibu zaidi na London. Lakini nani atakuteremsha Mbeya moja kwa moja? Lazima uende kwanza pwani, halafu urudi bara kilomita karibu 700 angani.

Tuseme umepitia Addis Ababa. London hadi Addis ni saa saba na nusu hivi, Addis hadi Dar karibu saa tatu, Dar hadi Songwe, uwanja wetu wa ndege wa Mbeya, saa moja na ushee. Jumla saa kumi na mbili za kuwa hewani. Mtu akisikia hivyo anapiga hesabu: nikipanda jioni, kesho asubuhi niko Mwanjelwa, Mbeya mjini, nakula ndizi. Thubutu! Siku nzima inaisha, na mara nyingi inapita.

Kinachokula muda ni Dar. Ndege za kimataifa zinashukia jengo la tatu, za ndani zinaondokea jengo la pili. Uhamiaji, mizigo, teksi, upimishe tena mabegi. Na kama tiketi ya ndani umeikata peke yake, ile ya kwanza ikichelewa hakuna atakayekusubiri. Mimi nashauri ulale Dar. Gharama ya chumba ni afadhali kuliko kununua tiketi nyingine ukiwa na usingizi machoni.

Halafu kuna ukungu. Watu wa Mbeya mnaujua wenyewe. Songwe ulifunguliwa mwishoni mwa 2012, na kweli umetusaidia sana, ila ukungu ukitanda rubani anaweza kuzunguka juu kisha akageuza kurudi Dar. Kwa hiyo usipange harusi au kikao cha mahari siku ileile unayotua. Jamani, nawasihi.

Wa basi nao: kutoka kituo cha mabasi cha Mbezi, Dar, hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na ukiondoka alfajiri unafika usiku. Kwenye hifadhi ya Mikumi dereva anapunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, mlima Kitonga mnapanda nyuma ya malori yanayoenda mpakani Tunduma, na kufika Makambako baridi inakukumbusha kwamba sweta uliliweka kwenye begi la chini. Mwenye muda na mizigo mingi, basi ni zuri, na unaiona nchi. Ila kulipanda ukitoka kushuka ndege ya usiku kucha, miguu imevimba, mimi hapana.

Na nyie mnaokuja kupokea: kutoka Uyole hadi Songwe lazima ukatize mji mzima na foleni ya malori. Kwa hiyo mjomba, nikikutumia ujumbe kwamba nimeingia Dar, usiwashe gari kwanza. Subiri nikwambie nimeshakaa kwenye ndege ya Songwe.