Paundi Si Nusu Kilo: Mizani ya Ughaibuni kwa Watu wa Mwanza

Mwangaluka wana Mwanza! Leo ni mizani tu, kalamu na kikokotoo.

Tuanze na ule msemo wa "paundi ni nusu kilo". Siyo. Paundi moja, ile ratili ya wazee, ni kilo 0.45359237 kamili, kiwango kilichokubaliwa mwaka 1959 na nchi zinazoitumia. Kwenye kipande cha sangara, gramu 46 za kuzidisha utasamehe. Kwenye mzigo wa paundi 50 utadhani ni kilo 25, kumbe ni 22.68.

Hesabu ya kichwani iko hivi. Una paundi? Gawa kwa mbili, kisha punguza sehemu moja ya kumi: 50 inakuwa 25, toa 2.5, unabaki na 22.5. Inapunja kidogo, chini ya asilimia moja. Una kilo? Zidisha kwa mbili, ongeza sehemu ya kumi: 23 inakuwa 46, jumlisha 4.6, ni paundi 50.6. Wengi hukosea kwa kugeuza njia, kwa hiyo kumbuka kwamba namba ya paundi lazima iwe kubwa kuliko ya kilo.

Anayefungasha dagaa wa Mwaloni Kirumba kumpelekea ndugu huku ughaibuni, akague kwanza mizani yake ndogo ya kuning'iniza. Ukisoma "lb", hiyo ni paundi. Tafuta kitufe cha kubadilisha. Kisha ning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ikisoma mbali na kilo moja na nusu, usiiamini na begi. Na begi tupu nalo lina uzito, jamani.

Sasa wakia ("oz"), ndiyo yenye vurugu. Paundi ina wakia 16, siyo 10. Kifurushi cha paundi 5 na wakia 8 ni paundi 5.5, siyo 5.8, ukiandika 5.8 umejiongezea gramu 136 hewani. Wakia hii ni gramu 28.35. Ila kwenye chupa ya mafuta ya kula, "fl oz" ni ujazo, haipimi uzito hata kidogo.

Halafu ipo wakia ya dhahabu, na hapa ndugu zangu wa Geita sogeeni karibu. Bei ya soko la dunia hutajwa kwa wakia ya gramu 31.1035. Gawa bei hiyo kwa 31.1035 upate bei ya gramu moja ya dhahabu safi. Ukigawa kwa 28.35, gramu itaonekana ghali kwa karibu asilimia 10, utamgombeza mnunuzi bure. Baada ya hapo zidisha kwa usafi: dhahabu ya asilimia 90, zidisha kwa 0.9. Makato yanafuata, hayo yana video yake.