Picha Isiyo na Adui

Kaeni, kaeni. Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Ratiba inasema leo ni maoni ya watazamaji kuhusu Memories of Murder, filamu ya Mkorea Bong Joon-ho ya mwaka 2003. Mwenyekiti kaandika vizuri. Ila walionisikia mwaka jana na mwaka juzi wanajua nina ugomvi mmoja tu, na naona wameshaanza kutabasamu. Tabasamuni. Mimi nitazikwa bado nagombana na ile sentensi: "Picha kali, ila haina mwisho."

Hadithi yenyewe siisimulii. Tutaiona baada yangu, na wengine mmeshaiona kwenye simu, dhambi ambayo sitaizungumzia leo. Tukumbushane tu kwamba Hwaseong, ilikotokea kweli, ni kusini mwa Seoul, enzi hizo mashamba ya mpunga matupu, na kati ya 1986 na 1991 wanawake na wasichana 10 waliuawa huko. Polisi walichunguza watu zaidi ya 21,000. Picha inatoka 2003, muuaji bado hajulikani. Sasa mlitaka Bong afanyeje? Amtunge?

Ninakwenda kibandani. Wanaoijua hii wanivumilie.

Mwaka 2009 nilikuwa na kawaida ya kupitia kibanda umiza kimoja, kibanda cha kuonyeshea picha, kule Mwananyamala, Dar es Salaam. Nyie wenzangu wa vifurushi hamkujua raha hiyo. Mabati pande zote, mabenchi, TV ya chogo inchi 21, turubai mlangoni, joto la kumwivisha mtu. Kiingilio shilingi 200. Pembeni ya TV kakaa DJ na maiki yake iliyozungushiwa utepe mweusi, anatafsiri. Nikisema "anatafsiri" nampa cheo ambacho mwenyewe hakukiomba. Kikorea hakujua hata salamu. Alikuwa anasoma maandishi ya Kiingereza pale chini, na yakimzidi mbio anatunga yake. Yule afisa mkubwa, Park, alimwita Afande Pakacha. Aliyeletwa kutoka Seoul akawa Afande wa Mjini.

Siku hiyo akaweka picha yetu. Nawaambia, sijawahi kufurahi hivyo kwenye jumba lolote la sinema. Watu walicheka pale pa kucheka. Lile trekta linapopita juu ya alama ya kiatu, ushahidi pekee waliokuwa nao, na afande anapayuka shambani kama mtu aliyeona mbuzi kwenye mahindi yake, benchi la mbele lilianguka, na sisemi kwa mfano, lilianguka. Lakini mvua ikianza kwenye picha, kimya, maana muuaji huua usiku wa mvua. Mbele yangu kulikuwa na kondakta wa daladala, sare bado mwilini, akawa ananong'ona peke yake, "Usipite hapo dada. Usipite hapo."

Mwisho ukafika. Mnaukumbuka. Ni 2003, Park kaacha upolisi, anauza mashine za kukamulia juisi. Anasimamisha gari kwenye mtaro ule ule wa mwanzo, ulipokutwa mwili, anainama, anachungulia. Binti mdogo anapita, anamwambia siku si nyingi kuna mtu mwingine alichungulia hivyo hivyo, akasema kakumbuka jambo alilolifanya hapo zamani. Anafananaje huyo mtu? Wa kawaida tu. Ndipo Song Kang-ho, mwigizaji wa Park, anainua uso na kututazama. Hasemi kitu.

Pale DJ alitakiwa kunyamaza. Badala yake akaibana maiki mdomoni: "Nimekuona! Upo hapo hapo! Na baada ya wiki mbili, ndugu watazamaji, adui akakamatwa, akanyongwa. Mwisho. Inayofuata ni ya Jet Li, usibanduke."

Kibanda kizima makofi. Yule kondakta alisimama.

Nikamfuata nje, nikamkuta anatia petroli kwenye jenereta. Kijana mwenye adabu, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia. Nikamwambia, mwanangu, mbona umemkamata mtu ambaye hajakamatwa? Hakuniangalia, aliendelea kumimina. "Mwalimu, hawa wamelipa mia mbili. Stelingi, afande wetu, kahangaika zaidi ya saa mbili, kalowa, kadhalilika. Niwarudishe makwao bila adui?"

Nikampa somo. Nikamwambia Bong mwenyewe alieleza kwamba aliamini muuaji angekwenda kuitazama picha hii, kwa hiyo alitaka macho ya afande yakutane na macho yake humo humo ndani ya sinema. Ule mwisho ni mtego umetegwa, wewe ukaja na maiki yako ukautegua. Akafunga kifuniko cha tangi, akasema, "Huyo mtu hayupo Mwananyamala, mwalimu."

Kweli. Hayupo.

Kabla sijaendelea, kuna mtu hapo katikati ana uso wa kuniambia kwamba biashara ni biashara, picha isiyo na mwisho haiuzi. Ndugu yangu, Korea peke yake watu zaidi ya milioni 5 waliilipia picha hii mwaka 2003, na hao walijua kabla ya kununua tiketi kwamba muuaji hajulikani. Walikuwa wameishi na habari hiyo tangu 1986. Kwa hiyo hoja ya mia mbili nimeshaijibu, tafadhali usiirudishe kwenye maswali.

Tuvuke miaka 10. Septemba 2019 polisi wa Korea wanatangaza kwamba vinasaba vimemtaja mtu, Lee Choon-jae. Alikuwa gerezani Busan, anatumikia kifungo cha maisha kwa kumuua shemeji yake mwaka 1994. Walishawahi kumhoji enzi zile wakamwachia, maana waliamini wanatafuta mtu wa damu ya kundi B na yeye ni O. Baadaye akakiri mauaji ya watu 14.

Alfajiri simu yangu ikaita. "Shikamoo mwalimu. Si nilikwambia alikamatwa?"

Nikanyamaza.

"Kunyongwa tu ndiko nilikokosea."

Na kweli hakunyongwa, wala kwa mauaji yale hakushtakiwa. Sheria yao ya wakati ule iliipa kesi ya mauaji miaka 15, na ya mwisho ilikwisha 2006. Lakini nikubali, asubuhi ile kijana alinishinda. Kwa mwaka mzima sikuwa na jibu.

Jibu likatoka mahakama ya Suwon, huko huko Korea. Mauaji ya nane, mwaka 1988, aliuawa mtoto wa miaka 13 chumbani kwake. Nchi ilikuwa imechoka kuuliza, na 1989 polisi wakaleta mtu. Kijana wa miaka 22, fundi wa zana za kilimo, mguu mmoja una ulemavu wa polio. Walimnyima usingizi mpaka akakiri, akahukumiwa maisha. Alikaa ndani miaka 20, akatoka 2009. Mwaka 2009! Mwaka ule ule mimi napigiana kelele na DJ juu ya jenereta. Kisha Lee akasema, huyo wa nane pia nilimuua mimi. Desemba 2020 mahakama ikamfutia fundi hatia na kumwomba radhi.

Sasa rudini kwenye picha. Yule kijana wa mgahawa, mwenye uso ulioungua, anapigwa teke, anachimbishwa shimo msituni, anafundishwa cha kukiri neno kwa neno. Wale maafande wanajitungia mwisho, kama DJ. Tofauti ni kwamba DJ alimnyonga mtu asiyekuwepo, na wao walikuwa na mtu mkononi. Polisi wa Hwaseong walikuwa na kibanda chao, taifa zima limejaa kwenye mabenchi linauliza adui yuko wapi, tumeshalipa, na wao wakaibana maiki mdomoni.

Mwalimu, unamlinganisha mpenzi wa picha na mtesaji? Hapana! Kila mwaka mnaniuliza hili. Kondakta wangu hana kosa lolote, na angekuwa kijijini kule angemsindikiza yule dada hadi nyumbani. Ninachokisema ni kwamba hamu ya kumwona adui haina macho, itamla yeyote unayeiletea, na mtengeneza picha ana haki ya kukataa kuilisha. Bong alikataa miaka 16 kabla ya yeyote kumjua Lee. Angemchagua mshukiwa mmoja akampachika pale mwisho ili tulale vizuri, leo tungekuwa na picha inayomsingizia mtu.

Jambo jingine nililipata humo humo kortini, nalo linaniuma. Novemba 2020 Lee aliletwa kama shahidi kwenye kesi ya fundi. Akaulizwa kuhusu filamu. Akasema aliiona. Aliitazama kama filamu tu, hakuhisi kitu. Mwenyekiti, uliomba maoni ya watazamaji, na hayo ni maoni ya mtazamaji. Mtu aliyetegewa macho yale alikaa mbele yake yakampita. Nilisoma habari hiyo jikoni nimesimama, chai ikapoa mkononi. Somo langu lote la jenereta nilikuwa nimelijenga juu ya moyo wa mtu yule.

Naonyeshwa saa. Naiona, mwenyekiti.

Haraka basi. Wanaosema vichekesho haviendani na maiti waende kwenye msiba wowote wasikilize wanaume wanavyosimuliana nje. Wanaosema siasa imechomekwa: usiku ambao afande anaomba askari wa kulinda mashamba anaambiwa wote wamepelekwa kuzima maandamano, na ndio usiku mtu anauawa. Ukiitoa hiyo siasa, ni nani atakueleza kwa nini shamba lilikuwa giza? Kuhusu rangi ya picha na wimbo wa redioni nilikuwa na kurasa nne, nazikunja.

Moja siwezi kuikunja. Mwaka jana binti mmoja, nadhani yupo, aliniuliza mbona majina ya maafande wote anayakumbuka na ya marehemu halikumbuki hata moja. Nikamjibu kwa ukali, nikamtajia askari Kwon, yule wa kike anayegundua kwamba usiku wa mauaji wimbo ule ule huombwa redioni. Akaniambia, "Ndiyo mwalimu, yule anayetumwa kahawa." Ukumbi ukacheka. Sikuwa na jibu, na leo pia sina, muda umenistiri.

Zimeni taa. Wa nyuma shusheni pazia, mwanga unaingia. Na yule bwana mwenye kipara mstari wa tatu, msimwogope, ndiye DJ mwenyewe, nimemwalika. Maiki nimemnyang'anya mlangoni.