Albamu Iliyowaudhi Wenyewe

Asanteni. Wimbo mliousikia sasa hivi ni "She's Lost Control", na nimeona wawili watatu wakigeuka kutazama spika, wakidhani zimeharibika. Ni nzima. Ngoma ndivyo zilivyo: kila pigo limekaa peke yake, kama mtu anayetwanga ndani ya nyumba iliyohamwa.

Wimbo huo umo kwenye Unknown Pleasures ya Joy Division, vijana wanne wa Manchester na miji ya jirani. Waliirekodi Aprili 1979 katika studio ya Strawberry, Stockport, ikatoka Juni mwaka huohuo. Lebo yao, Factory, ilikuwa changa. Tony Wilson, mtangazaji wa televisheni, alitoa akiba yake mwenyewe ili santuri 10,000 za kwanza zichapwe. Makubaliano yalikuwa kugawana faida nusu kwa nusu.

Tukisikia "bendi huru" tunadhani uhuru ni wa bendi. Hapa aliyeufaidi zaidi ni prodyusa, Martin Hannett. Hakukuwa na meneja wa kampuni kubwa wa kumuuliza kwa nini leo umemaliza siku nzima kwenye ngoma tu. Katika baadhi ya nyimbo alimtaka Stephen Morris apige kila ngoma kivyake, ili sauti ya moja isivujie kwenye maikrofoni ya nyingine. Kisha akazipitisha kwenye mtambo wa kidijitali wa kuchelewesha sauti, kitu kigeni kabisa wakati ule. Ian Curtis naye, kwenye "Insight", aliimbishwa kupitia waya wa simu, asikike kama yuko mbali. Hata lifti ya jengo ilirekodiwa. Mtu aliyelipwa kurekodi gitaa anakwenda kurekodi lifti!

Bendi haikufurahi. Jukwaani walikuwa moto, gitaa zikinguruma, na Bernard Sumner, mpiga gitaa, na Peter Hook, mpiga besi, walitaka moto huo uingie kwenye santuri. Walichopewa ni baridi na nafasi tupu. Hook baadaye alikiri kwamba Hannett alifanya kazi kubwa. Mimi nasema zaidi: bila nafasi ile, besi ya Hook, anayoipiga juu kwenye nyuzi nyembamba kama gitaa la kuongoza, ingezama kwenye kelele. Yeye ndiye aliyelalamika, na yeye ndiye aliyenufaika.

Jalada, kwa kifupi. Fulana yake ilinifikia kabla ya muziki, nikadhani ile ni milima. Kumbe ni mapigo ya redio ya nyota CP 1919, iliyogunduliwa na Jocelyn Bell huko Cambridge mwaka 1967. Hupiga kila baada ya sekunde 1.3 hivi, bila kuchoka. Sumner aliiona picha hiyo kwenye ensaiklopidia ya falaki. Peter Saville, mbunifu wa jalada, akageuza rangi, mistari ikawa myeupe juu ya weusi, na upande wa mbele hakuandika hata jina la bendi. Lebo gani kubwa ingekubali?

Curtis alifariki tarehe 18 Mei 1980, akiwa na miaka 23. Wengi husikiliza albamu hii kama wosia. Naomba leo tusifanye hivyo, tusikilize kazi yenyewe.

Tafadhali zimeni feni. Huu ni "Insight", wimbo wa nne wa albamu, na sauti ya kwanza mtakayoisikia ni ile lifti.