Mtoni: jumba lililopimwa kwa boriti

Mabibi na mabwana, wengi wetu tukitajiwa jumba la kifalme Unguja tunafikiria Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe. Leo tutoke mjini, tufuate ufuo kwenda kaskazini hadi kwenye magofu ya Mtoni, jumba la shamba la Sayyid Said bin Sultan, sultani wa Oman na Zanzibar. Mlangoni mmeniuliza kama magofu haya yaezekwe upya; jibu nitalitoa mwishoni. Ujenzi wake ulianza mwishoni mwa miaka ya 1820, na hakuna jumba la masultani kisiwani lililo kongwe kulishinda.

Mgeni akiingia hushangaa wembamba wa vyumba. Sultani mzima, chumba chembamba hivi? Jibu liko juu ukutani, kwenye matundu ya boriti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, nazo kwa kawaida hazivuki mita tatu hivi. Chumba utakirefusha upendavyo. Upana wake umeshaamuliwa na mti. Jumba likitaka kukua huongezewa chumba kingine, ushoroba mwingine, ngazi nyingine. Mimi naona huo ndio uzuri wake, ingawa wapo wanaouita ovyo.

Aliyelieleza vizuri zaidi ni Salme binti Said, aliyezaliwa humo mwaka 1844. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, zinatuonyesha ua mpana wenye tausi na swala, hamamu upande wa mwisho wa ua, na banda la mbao lililoelekea bahari, ambamo baba yake alipenda kutembea huku na huku akiwaza. Kwa makadirio yake, humo waliishi watu wapatao elfu moja. Wengi walikuwa watumwa. Utajiri uliolilisha jumba hili ulitoka kwenye pembe za ndovu, karafuu na biashara ya watu, na anayelionyesha kwa wageni bila kulitaja hilo anaonyesha nusu ya nyumba.

Sayyid Said alifariki mwaka 1856, jumba likaanza kuachwa. Moto ulililamba mwaka 1914, kisha likafanywa ghala. (Maruhubi, jirani yake, jumba la mwanawe Sultani Barghash la miaka ya 1880, liliungua mapema zaidi, mwaka 1899.)

Lakini adui ninayemwogopa kuliko moto ni saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua, ukayatoa jua likiwaka. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, na jiwe huliwa nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Siku lipu ikibanduka, inaondoka na jiwe.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mtoni iko nje ya mpaka huo. Hata hivyo kazi ya kwanza haihitaji fedha za kutisha: kung'oa miche ya mivumo (miti ya jamii ya mtini) ingali michanga, kabla mizizi haijapasua ukuta, na kuziba vichwa vya kuta kwa chokaa kabla ya masika. Kuezeka upya, kama mlivyoniuliza mlangoni, mimi siafiki.