Supachaja au Turbo? Kipindi cha Feni Iliyozimwa

RUKIA: Masalkheri, karibuni tena. Mimi Rukia, na mbele yangu ni kaka Swaleh, ambaye ameshaanza kutokwa na jasho kabla hatujasema neno.

SWALEH: Masalkheri. Wasikilizaji, tupo Kibokoni, Mombasa, chumba cha juu. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya muuza kahawa na vikombe vyake, na feni nimezimiwa ati yangurumia maikrofoni. Mkisikia nimenyamaza ghafla, jueni.

RUKIA: Vumilia, yakhe. Leo kesi ni yangu mwenyewe. Wengi mwajua nina Toyota GT86. Lita 2, nguvu za farasi 200, na injini yake ya boksa ni kazi ya Subaru: pistoni zimelala ubavu, mbili huku, mbili kule. Gari nalipenda. Lakini kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 hivi kwa dakika, linazubaa. Wakanyaga, lanyamaza, kama mtu uliyemwita akasikia lakini amalizie kwanza chai yake.

SWALEH: Hilo halikuwa lako tu, yote yametoka kiwandani hivyo. Torki, ile nguvu ya kuzungusha, inabonyea pale katikati, kisha yapanda tena.

RUKIA: Basi nataka kuliongezea pumzi. Nimeweka pesa, na kila ninayemuuliza ana dini yake. Mmoja turbo, mwingine supachaja. Wewe?

SWALEH: Mimi nitakuuliza kwanza, hilo gari waliendesha wapi?

RUKIA: Kama kila mtu. Siku za kazi Nyali na mjini, foleni ya daraja asubuhi na jioni. Jumapili alfajiri natoka Mtwapa naelekea Kilifi, barabara ikiwa bado tupu.

SWALEH: Na Nairobi?

RUKIA: Mara mbili kwa mwaka, labda. Kwani Nairobi ina nini?

SWALEH: Tutafika. Kwa anayesikiliza kwa mara ya kwanza, vyote viwili kazi yao ni kushindilia hewa ndani ya injini, ili petroli zaidi ipate hewa ya kuungulia. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi. Supachaja inazungushwa na mkanda, kutoka kwenye pulei ya injini yenyewe. Kwa hiyo supachaja inakula nguvu kidogo ili itoe nguvu, na turbo inangoja moshi ujae kwanza ndipo iamke.

RUKIA: Na supachaja nazo hazifanani.

SWALEH: Hazifanani hata kidogo. Kuna ile ya Roots, imepewa hati huko Marekani mwaka 1860, kabla gari halijazaliwa, ikawa yapuliza hewa kwenye tanuri za chuma. Kuna ya skrubu mbili zinazosokotana. Hizo mbili zinasukuma hewa tangu mizunguko ya chini, ukigusa tu. Halafu kuna ya sentrifugo, ambayo kwa umbo ni turbo iliyofungwa mkanda. Hiyo busti yake, yaani presha ya hewa inayoshindilia, inapanda na mizunguko. Chini ni tulivu, ukifika 7,000 ndio waiona.

RUKIA: Sasa mimi nitafika 7,000 wapi? Nyali tuta, ukimaliza tuta, tuta.

SWALEH: Ndio maana nikakuuliza waendesha wapi. Lakini kabla ya hapo kuna jambo watu wa mji huu wanalipita. Joto.

RUKIA: Wewe una joto kwa sababu ya feni.

SWALEH: Hasa! Feni ndiyo hoja yangu. Ukiishindilia hewa, inapata moto. Pampu ya baiskeli uliwahi kuishika chini ukipuliza? Ndiyo hiyo. Tuchukue busti ya paundi 7 kwa inchi ya mraba, ambayo ni kawaida kwa kit, seti ya vipande, ya kufunga bila kufungua injini. Hewa ya Mombasa mwezi wa pili au wa tatu, nyuzi 32. Kompresa nzuri, ile sehemu inayoshindilia hewa, ya ufanisi wa asilimia 70, hiyo hewa inaitoa ikiwa kwenye nyuzi 84 au karibu. Ya ufanisi wa 60 yapita 90. Hiyo ndiyo unayoiingiza kwenye injini ikiwa huna intakula, kile kipoza hewa.

RUKIA: Nyuzi 84 ni chai.

SWALEH: Chai ya rangi, tena ndani ya injini yenye mbano wa 12.5 kwa 1, yaani hewa yabanwa mpaka ibaki sehemu moja kati ya kumi na mbili na nusu. Hapo ndipo GT86 inapokuwa ngumu. Roadster yangu ya zamani, ile Mazda ya 1.6, mbano wake ulikuwa 9.4. Ilisamehe. Yako haisamehi. Mchanganyiko ukiwa moto na umebanwa sana, unajiwasha wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Fundi anasema injini inagonga. Utasikia kama kokoto ndani ya mkebe, kama una bahati ya kusikia.

RUKIA: Nami kuna kitu nimepima, maana wewe wapenda namba. Nimechomeka kile kifaa cha kusoma kompyuta, nikasimama foleni ya daraja la Nyali saa kumi na moja na nusu jioni. Nje 31. Dakika ya kwanza hewa ya kuingia injini ikasoma 38. Kufika katikati ya daraja, 57. Gari la kiwandani hilo, halina turbo, halina chochote.

SWALEH: Unaona? Joto la injini linakwea juu, upepo haupo, kila chuma chini ya boneti kinageuka jiko.

RUKIA: Lakini nilipolitoa tu, kupanda kule upande wa Kongowea, ikashuka haraka. Dakika mbili hivi ikawa 40.

SWALEH: Kwa sababu hewa inapita. Sasa weka supachaja ya skrubu juu ya injini. Nyingi za aina hiyo hupozwa kwa maji: intakula iko ndani, maji yanazunguka hadi rejeta ndogo mbele. Maji hayo ukiwa mwendoni ni mazuri sana. Ukikaa foleni yanapata moto, na maji yakishapata moto hayapoi haraka kama ile hewa yako.

RUKIA: Basi nirudi kwenye turbo, intakula kubwa ya hewa mbele ya bampa.

SWALEH: Ambayo umeongeza chuma kinachopitisha moshi wa nyuzi mia tisa, karibu na kila mpira na kila waya. Mimi turbo naijua kwa uchungu. Nikusimulie?

RUKIA: Ile ya Roadster? Wengine hawajaisikia.

SWALEH: Sikununua kit. Nilinunua vipande: turbo huku, manifoldi kule, mabomba ya kuchomelea. Gereji iliyonifungia siitaji, waliniambia siku mbili. Wiki ya tatu, napita Makupa, nikiangalia kioo, nyuma yangu moshi wa buluu. Matatu wanawasha taa, makondakta wanacheka. Nikaegesha. Jioni nikavua bomba la kuingiza hewa, nikashika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Kuyumba kidogo kulia kushoto si neno, turbo nyingi zina nafasi hiyo kwa ajili ya oili. Yangu ilikuwa yaingia na kutoka. Na pembeni ya nyumba yake, mapanga yamekwangua alama ya mwezi mchanga, ng'aring'ari.

RUKIA: Na chanzo?

SWALEH: Bomba la kurudisha oili! Turbo oili yake inaingia kwa presha, lakini kurudi inashuka kwa uzito wake, hakuna pampu. Bomba langu walilipitisha juu ya kiungo kimoja halafu likashuka, likawa na nundu. Oili ikakaa pale, ikakosa pa kwenda, ikapenya kwenye sili. Bomba la mpira la urefu wa mkono. Hilo ndilo lililoniua.

RUKIA: Kwa hiyo ushauri ni kununua kit kamili.

SWALEH: Ni kuuliza kit ina nini ndani. Mtu anakutajia farasi, wewe muulize intakula imo? Injekta kubwa zimo? Gasketi zimo? Mabomba yamekatwa kwa ajili ya usukani wa kulia au wa kushoto? Hilo usilidharau. Kit nyingi zimebuniwa kwa magari ya Marekani.

RUKIA: Hilo sikulifikiria, wallahi.

SWALEH: Na mkanda. Muulize mkanda wa ziada ni saizi gani, ili siku ukikatika usingoje mzigo utoke Australia. Sasa turudi Nairobi.

RUKIA: Nilidhani umesahau.

SWALEH: Mafundi wa kutuni, wanaopanga upya programu ya injini, wenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari, wengi wako kule. Nairobi iko juu, mita 1,700 na zaidi, hewa yake nyepesi: bari 0.83 hivi. Hapa kwetu, baharini, ni 1.01. Turbo yako ikiwa imefungwa springi ya kuizuia kwenye busti ya nusu bari, kule jumla ni 1.33. Ukishuka hapa ni 1.51. Supachaja ndiyo yazidi, kwa sababu yenyewe haijui presha, inajua mara ngapi. Pulei yake ikizidisha hewa mara moja na nusu, kule ni 1.24, hapa 1.51.

RUKIA: Kwa hiyo gari limetuniwa Nairobi...

SWALEH: ...likawa tamu, likashuka Voi, Mariakani, likafika hapa, na sasa injini iko kwenye kurasa za programu ambazo fundi hakuzifikia kamwe siku ya daino. Amekisia tu. Huku hewa ni nzito zaidi na ya moto zaidi. Ndio mtu anasema gari lilikuwa zima Nairobi, Mombasa likatoboka pistoni. Anasingizia petroli.

RUKIA: Petroli pia yaweza kuwa.

SWALEH: Yaweza. Ndio litunike kwa petroli ya kituo unachojaza kila siku, si ile nzuri uliyoitafuta siku moja. Fundi apande basi aje hapa na kompyuta yake, mwende wote barabara ya Kilifi alfajiri, halafu mrudi naye foleni ya daraja saa kumi na moja. Foleni ndio mtihani.

RUKIA: Sawa. Sasa nipe jibu. Usinizungushe.

SWALEH: Mimi ningefunga sentrifugo. Intakula ya hewa mbele, busti yapanda taratibu. Kinachovunja konrodi za injini yako, vile vyuma vinavyoshika pistoni, ni torki ya ghafla kwenye mizunguko ya chini, na hiyo ndiyo turbo na skrubu zinapenda kutoa.

RUKIA: Na mimi sikubali. Umeniuliza naendesha wapi, nimekwambia. Sentrifugo itanipa nguvu pale ambapo sifiki, na lile bonde la 4,000 libaki vilevile. Nitakuwa nimelipia Jumapili peke yake.

SWALEH: Bonde litapungua kidogo.

RUKIA: Kidogo! Mimi nataka skrubu, na pulei yake iwe kubwa, ile ya busti ndogo kabisa wanayouza. Farasi 200 ikawa 250 yanitosha. Torki niipate hapo chini ninapoishi. Na maji yakipata moto foleni, basi fundi aiambie kompyuta icheleweshe moto wa plagi, niende polepole kama wengine. Foleni siendi popote hata nikiwa na farasi 1,000.

SWALEH: ...Hiyo, sikuitegemea.

RUKIA: Sema.

SWALEH: Nasema ina akili. Ukiweka pulei kubwa, kompresa inazunguka pole, hewa haipati moto sana, konrodi zapumua. Ukubali tu rejeta ya pili ya maji iwe kubwa kuliko ya kwenye kit, na uipake rangi vizuri, chumvi ya bahari yala alumini za mbele kama panya.

RUKIA: Nakubali.

SWALEH: Na kipoza oili kabla ya yote. Injini hiyo oili yake hupanda moto hata bila busti.

RUKIA: Nimeshaagiza. Kiko kwenye meli.

SWALEH: Na plagi za baridi zaidi, zile zinazopoa haraka, daraja moja. Utazibadilisha wewe, mimi mkono wangu haupiti pale ubavuni tena.

RUKIA: Utapita, nitakununulia viazi karai.

SWALEH: Na klachi je?

RUKIA: Kaka Swaleh, washa feni.