Kuponda Mawe ya Kromu Bila Kuyageuza Unga

Karibuni, watazamaji. Tuko katika karakana ya Eneo la Viwanda, Nairobi, na leo tutalifuata jiwe la kromu tangu linapoingia kwenye krasha, yaani mashine ya kuponda, hadi linapotoka likiwa mchanga mweusi mzito. Naomba mshike jambo moja tangu sasa: kromiti, yaani madini meusi yenye kromu ndani ya jiwe, huvunjika kwa urahisi, na ikisagwa kupita kiasi hugeuka unga ambao maji huuchukua pamoja na taka.

Kabla ya kuwasha mashine yoyote, lipimeni jiwe. Hili nililo nalo lina gramu 900. Nikilifunga uzi na kulining'iniza ndani ya ndoo ya maji, mizani inasoma gramu 700. Gawanyeni 900 kwa ile tofauti ya 200, mpate 4.5, yaani jiwe ni zito mara 4.5 kuliko maji ya ujazo uleule. Hicho ni kipimo cha kromiti iliyo karibu kuwa safi, ilhali serpentini, mwamba wa kijani unaoandamana nayo, huwa karibu 2.6. Kisha likwaruzeni mgongoni mwa kigae, pale pasipo na rangi: kromiti huacha mstari wa hudhurungi, magnetiti, madini ya chuma yanayofanana nayo, huacha mweusi.

Sasa twende kwenye krasha ya taya. Jiwe lisizidi asilimia 80 ya upana wa mdomo wake, na mashine iwashwe ikiwa tupu, ifikie mwendo wake kamili, ndipo mawe yaingizwe. Nyuma ya taya kuna bamba ambalo waundaji walilifanya dhaifu makusudi, ili kipande cha chuma kikiingia kwa bahati mbaya livunjike lenyewe na kuiokoa fremu. Kwa hiyo msimruhusu fundi alichomelee chuma cha ziada, hata akiwaahidi kwamba halitavunjika tena. Jiwe likikwama, zimeni umeme, fungeni swichi kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono. Nyunyizeni maji muda wote na vaeni barakoa za vumbi zinazobana uso vizuri, kwa sababu serpentini huweza kuwa na nyuzi za asbesto, na mapafu hayana vipuri.

Kokoto zikitoka, zipite kwenye chekecheo la mtikisiko, ili zilizokwisha kufikia kipimo zisirudi kusagwa bure. Kwa usagaji wenyewe, mimi huchagua kinu cha fito za chuma badala ya kile cha mipira ya chuma, kwani fito hubana kwanza vipande vikubwa, na vidogo hupita katikati yake salama. Chekecheni sampuli kwa nyavu za vipimo mbalimbali, mtazame kila fungu kwa lenzi. Pale punje nyeusi zinapoachana na zile za kijani au kijivu, mara nyingi karibu na milimita 1, ndipo pa kukoma.

Changanyeni mchanga huo na maji hadi yabisi iwe takriban asilimia 30 ya uzito, kisha muumimine juu ya mfereji wa mzunguko, yaani ule unaoteremka ukijizungusha kama ngazi ya mzunguko. Kromiti itateremka upande wa ndani kama utepe mweusi, na taka nyepesi zitasukumwa nje.

Mwisho, chukueni taka hizo, mzioshe kwenye karai. Weusi ukionekana, chunguzeni kwa lenzi: ukiwa umeshikamana na mwamba, sageni zaidi kidogo, ukiwa unga mtupu, punguzeni kusaga.