Swali la Hedhi Kwenye Kaunta ya Dawa

Ndugu zangu wa maduka ya dawa kutoka Kirumba, Igombe na Kayenze, leo tunazungumzia dawa zinazoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni; tuanze na hesabu. Kliniki huhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ilhali mimba hutunga kama wiki mbili baadaye. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga siku ya 28 hivi tangu kutungwa. Kwa kalenda ya kliniki, hapo ni wiki ya 6. Mama anapokosa hedhi yuko wiki ya 4. Zimebaki wiki mbili. Kliniki bado hajaiwaza. Amekuja kwako, anataka dawa ya homa.

Kwa hiyo uliza, kwa sauti ya chini: "Dada, hedhi ya mwisho ilikuwa lini?" Ukimuuliza kama ana mimba atakujibu hapana, wala hadanganyi.

Tusitishane. Katika watoto 100, wawili au watatu huzaliwa na kasoro kubwa hata pale ambapo mama hakumeza kidonge. Dawa zenye madhara hayo ni chache. Mbaya mojawapo ni valproeti ya kifafa: mgongo wazi, yaani mrija ule usipojifunga, tatizo la nadra, hufikia mtoto 1 au 2 katika 100. Hata hivyo usimwambie aache. Kifafa kikimkuta anachota maji ziwani, atazama. Apelekwe kwa daktari abadilishiwe kabla hajashika mimba, na aandikiwe asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mrija kujifunga, miligramu 5. Wanawake wengine inawatosha mikrogramu 400 kwa siku, wakianza angalau mwezi mmoja kabla. Wakingoja vidonge vya kuongeza damu vya wiki ya 14, damu itaongezeka, lakini mrija ulishajifunga zamani, au ulishashindwa.

Malaria itibiwe, homa kali yenyewe humdhuru mtoto. Pima kwanza. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linaikubali ALu, dawa mseto ya malaria, hata miezi mitatu ya kwanza. SP, dawa nyingine ya malaria, isubiri, maana hupingana na foliki. Septrini nayo hupingana nayo, ila anayeitumia kwa maelekezo ya CTC, kliniki ya wenye VVU, asiikatize mwenyewe. Dawa za kichocho na minyoo zinaweza kungoja miezi hiyo ipite.

Halafu kuna misoprostoli, ile ya kutoa mimba inayoulizwa kwa kunong'ona. Mimba isipotoka, mtoto anaweza kuzaliwa na uso uliopooza au viungo pungufu. Bila cheti, usiitoe.

Kwenye daftari andika dawa, kipimo, tarehe, na hedhi ya mwisho. Thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyoingia sokoni Ujerumani Magharibi 1957 na kuondolewa 1961, ilifupisha viungo vya watoto ambao mama zao waliimeza takriban siku ya 20 hadi 36 tangu kutungwa. Bila tarehe, siku hizo zisingejulikana.